Kiu ya Kiangazi: Tupande Nini Ngara na Biharamulo?

Hoja iliyo mezani ni fupi. Kati ya Juni na Agosti mvua hukatika Ngara na Biharamulo, migomba huanza kulegeza majani, na mboga hupanda bei. Je, shamba la nyumbani liendelee na mimea inayopenda maji, au mimea hiyo iipishe ile inayostahimili ukame?

Wazungumzaji ni wanne, nimewatunga mwenyewe na kuwapa majina ya nafasi zao. Hoja zao si za kutunga. Kila Julai huzisikia kibarazani. Mama ana kibanja cha migomba na kahawa Rulenge. Mzee alihamia Biharamulo na ng'ombe wake akitokea Shinyanga. Bibi Shamba ni afisa ugani. Kijana anauza nguzo na kuni Benaco. Wamekutana kwenye kibaraza cha duka Nyakahura, kando ya barabara iendayo Rusumo, ambako malori ya kwenda Rwanda na Burundi humlazimisha mtu kurudia sentensi. Mimi ni mwenyekiti wao, na sikuahidi kukaa katikati muda wote.

MZEE: Nianze mimi, kwa kuwa nilikotoka nimeuona mwisho wa jambo hili. Shinyanga miti ilifyekwa tangu enzi za mkoloni ili kumfukuza mbung'o. Ikaja pamba, ikafyeka iliyobaki. Mifugo ikaongezeka. Kufikia miaka ya 1980 watu waliuita mkoa wetu jangwa, na hawakuwa wanatania. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na wazee wakakumbushwa ngitili: sehemu ya malisho unaifunga wakati wa masika, huiingizi mnyama, nyasi na miti vinajirudia vyenyewe. Nchi ikafunikwa tena. Basi nawauliza ndugu zangu wa Ngara, mnangoja mpaka muitwe jangwa nanyi? Ng'oeni migomba inayolialia kila Julai. Pandeni mtama, mihogo, mgagani. Uzio fanyeni wa minyaa.

MAMA: Baba, heshima yako. Ila hilo jangwa lako halipo kwetu. Kwetu mvua ya mwaka ikiwa nzuri inafika milimita 1,000. Vuli tunalima, masika tunalima. Mgomba nao hauishi peke yake: chini yake nina maharage, kivuli chake kinakaa juu ya kahawa, maganda wanakula mbuzi, kamba tunafungia mzigo, na harusi bila rubisi, pombe ya ndizi, kwetu ni kikao tu. Ukiniambia niung'oe, unaniambia nibomoe ghala, zizi na kilabu kwa siku moja.

BIBI SHAMBA: Mama yuko sawa kuhusu mvua. Phoenix, kule Arizona, Marekani, inapata milimita 200 hivi kwa mwaka mzima. Watu wa kule huchagua mimea isiyopenda maji kwa sababu maji hayapo. Yetu yapo, ila yanakuja kwa vishindo, yanateremka vilimani na kuingia Ruvubu, Ruvubu inaingia Kagera, na pale Rusumo yanazungusha mitambo ya megawati 80 tunayogawana na Rwanda na Burundi. Baada ya hapo miezi mitatu hayaonekani. Hapo ndipo mgomba unapopata shida, mama. Mizizi yake mingi iko kwenye sentimita 40 za juu, na udongo wa juu ndio unaotangulia kukauka.

MAMA: Lakini haufi.

BIBI SHAMBA: Haufi. Unafunga vinyweleo vya majani mapema asubuhi, unaacha kukua, unasubiri. Gharama unaiona kwenye mkungu: vidole vyembamba, vichana vichache.

MZEE: Si umwagilie basi, kama unaupenda hivyo?

BIBI SHAMBA: Tupige hesabu, mzee. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mashina yakipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, kila shina lina mita za mraba 9. Siku ya jua na upepo, migomba iliyofunika ardhi vizuri inaweza kupoteza milimita 4. Hizo ni lita 36 kwa shina, karibu ndoo mbili. Mama, una mashina mangapi?

MAMA: Sema mia.

BIBI SHAMBA: Ndoo 180. Kila siku.

MAMA: Na hizo ndoo anabeba nani?

Hapa mwenyekiti anaomba kusimama. Katika vikao vingi vya aina hii, mimea hupangwa kwa sifa zake: huu unavumilia, ule hauvumilii. Mwanamke na mtoto wanaoshuka bondeni na dumu hawamo kwenye orodha. Nikiulizwa mimi, kipimo cha kwanza cha mmea wa kiangazi ni safari za kisimani unazomwongezea au kumpunguzia mtu, hata kabla ya kuangalia milimita. Kwa kipimo hicho mgomba wa Rulenge haufanyi vibaya kama Mzee anavyodai, kwa sababu hakuna anayeumwagilia. Unatunzwa kwa matandazo: majani yake makavu, nyasi, mabua ya mahindi, vyote vikitandazwa kabla masika hayajaisha, unyevu ukiwa bado ardhini. Anayetandaza Julai anafunika vumbi.

KIJANA: Samahani wazee, shikamooni. Naona mnazunguka. Mnatafuta mmea usiotaka maji? Mkaratusi. Nachimba shimo mvua zinapoanza, napanda, naondoka. Sijaumwagilia hata tone. Miaka 6 nakata nguzo, kisiki kinachipua chenyewe, nakata tena. Nani hapa ana mmea unaomshinda?

MZEE: Umeanza.

KIJANA: Mzee, nisikilize. Mwaka 1994 sikuwa nimezaliwa, lakini baba yangu alikuwepo. Tarehe 28 na 29 Aprili, Wanyarwanda kama robo milioni walivuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi. Benaco ikawa mojawapo ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Watu wote wale walipika kwa nini? Kwa vilima vyetu. Walipoondoka Desemba 1996, baba anasema mtu alitembea nusu siku kutafuta mzigo mmoja wa kuni. Sasa niambieni, mninga ungewapa kuni lini? Mtu aliyekaa bila kuni hachagui mti kwa tabia zake za unywaji.

Jibu la Kijana lina uzito, na sitaki lipite haraka. Ngara ilipokea binadamu wengi kuliko wenyeji wake wenyewe, na kilima kilichonyolewa hakirudishwi kwa hotuba ya miti ya asili. Ila hoja yake ina tundu, na Bibi Shamba ameliona.

BIBI SHAMBA: Mdogo wangu, mti usiomwagiliwa na mti usiokunywa ni vitu viwili. Mkaratusi hauletewi maji kwa sababu unajitafutia. Na ukiupanda kwenye mteremko ulio juu ya chemchemi, ujue unayatafuta wapi.

KIJANA: Hayo ni maneno ya vijiweni.

BIBI SHAMBA: Yamepimwa. Mokobulaan, Afrika Kusini, wataalamu walichukua bonde dogo lililokuwa nyasi tupu, mwaka 1969 wakalipanda lote mikaratusi, huku wakipima kijito chake. Mwaka wa 9 kijito kikakauka kabisa. Miti ilipofika miaka 16 wakaikata yote. Unadhani maji yalirudi mwaka uleule? Ilipita miaka 5, kwa sababu mizizi ilikuwa imenyonya hata akiba ya chini, na akiba hiyo ilibidi ijae kwanza.

MAMA: Sihitaji kwenda Afrika Kusini. Chemchemi tunayochota sisi, mtu alipanda juu yake. Zamani Agosti dumu linajaa unamsalimia mwenzako. Siku hizi tunakinga kwa kikombe, na foleni inaanza alfajiri.

BIBI SHAMBA: Na sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57: ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji hakuna shughuli za binadamu za kudumu au zinazoweza kukiharibu.

KIJANA: Mita 60 anapima nani?

Hakujibiwa, na swali lake si la kitoto. Nitalirudia hoja yenyewe kwa maneno yangu, maana nadhani kitovu cha mjadala kiko hapa: mimea inayostahimili ukame haiwi na fadhila moja. Upo unaobana matumizi, upo unaolala usingizi hadi mvua irudi, na upo unaochota kwa jirani bila kuomba. Kwa macho, mwezi wa Agosti, yote mitatu ni ya kijani au iko hai, na mwenye shamba atakwambia yote ni migumu. Nguzo za Kijana tunazihitaji. Zikae ukingo mkavu wa kilima, mbali na bonde na mbali na migomba ya watu.

MZEE: Sasa turudi kwenye chakula. Mihogo. Hewa ikikauka, muhogo unafunga majani. Ukame ukizidi, unayapukutisha. Mizizi inashuka chini sana. Unakaa hivyo kama mti uliokufa. Mvua ya kwanza ya vuli, unachipua. Na chakula umekihifadhi ardhini, unang'oa unapohitaji. Biharamulo nimekula muhogo wa mwaka wa pili.

MAMA: Uliokuwa na michirizi ya kahawia au usiokuwa nayo?

MZEE: (anacheka) Hapo umenigusa.

MAMA: Juu shina limesimama, majani mazuri. Unang'oa, unakata, ndani kahawia imekauka kama gome. Mwaka mzima umepotea na hujui mpaka siku ya kung'oa. Tena kuna lingine, baba. Ule mchungu, ambao nguruwe na wezi hawaugusi, ndio mnaousifia. Ukame ukiongezeka, sumu nayo inaongezeka. Nani hajasikia ya Tarime mwaka 1985, watu wakipooza miguu?

BIBI SHAMBA: Konzo. Ni kweli. Inawapata watu wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa muda mrefu, bila protini ya kutosha. Mwaka wa njaa watu hufupisha siku za kuloweka.

MAMA: Na kuloweka kunataka nini?

MZEE: Maji.

MAMA: Maji! Siku tatu kwenye pipa, au nishuke nao mtoni nikaulinde. Muhogo wako haunywi shambani, baba. Unakunywa jikoni.

Nikiwa mwenyekiti naandika hapa kwamba Mama amepata pointi. Mmea unaposifiwa kwamba hautaki maji, uulize mpaka sahani. Maharage makavu yanayochemka nusu siku yana deni lao la maji na kuni. Mtama hauna deni la maji, lakini una deni la ndege: ukianza kukomaa, kuna mtoto atakayeshinda shambani akipiga debe kuwafukuza kwelea kwelea, na mtoto huyo alitakiwa kuwa darasani.

BIBI SHAMBA: Kwenye muhogo ipo njia isiyokula maji mengi. Vipande vikishakauka na kusagwa, unga unaloweshwa kidogo uwe kama udongo wa kukandika, unautandaza mwembamba kwenye beseni au mkekani, unaukalisha kivulini saa 5. Sumu nyingi inatoka na hewa. Ndipo unasonga ugali. Wasioijua njia hiyo ni wengi, na hilo ni kosa letu sisi maafisa ugani. Kuhusu michirizi, chukueni vipando vilivyokaguliwa, si vya kuokota njiani.

MZEE: Mihogo nimeisalimisha nusu. Mgagani siusalimishi.

MAMA: Hilo gugu?

MZEE: Gugu ndilo lililonilea. Mama, mbegu zake ni ndogo sana, unazimwaga mvua za mwisho zikiwa zinaaga, kwenye zizi la zamani lenye samadi. Linaota lenyewe. Jani limegawanyika vijani vitano, maua meupe, ukilipita unalisikia harufu. Jua likizidi linaharakisha kutoa maua, kwa hiyo unachuma vichwa kila siku chache ili lisizeeke. Unachemsha, unamwaga maji machungu ya kwanza, unatia maziwa mgando kidogo. Na ukibaki nayo mengi unayakausha. Majani ya kunde vilevile: nsansa. Viazi vitamu tunavikata, tunavianika, michembe. Hivyo ndivyo Msukuma anavyopita Septemba.

BIBI SHAMBA: Hata kwa hesabu za wataalamu mgagani umebarikiwa. Unatengeneza chakula chake kwa mtindo uleule wa mtama na mahindi, kwa hiyo kila tone linazaa zaidi kwenye jua kali kuliko kabichi linavyoweza. Nanasi ndilo limezidi: linafungua vinyweleo usiku, hewa ikiwa ya ubaridi, na mchana linakaa limejifunga. Minyaa nayo, uliyoitaja, mashina yake hufanya hivyohivyo.

MAMA: Minyaa sitaki. Utomvu wake ukimwingia mtoto machoni nani atanipeleka hospitali Murugwanza usiku?

MZEE: Kweli ni mkali.

MAMA: Lakini kabichi langu pia sitalitetea. Linanimalizia ndoo.

BIBI SHAMBA: Basi tupange. Kule Denver, Marekani, tangu mwaka 1981 watu wa idara ya maji wamekuwa wakiwafundisha wenye nyumba kuipanga mimea kwa makundi ya kiu: inayokunywa sana ikae pamoja, karibu na maji, isiyokunywa isogezwe mbali, isiwekwe katikati ikapewa maji ya bure. Mama, wewe unalijua hilo bila Denver. Mgomba wako mkubwa kuliko yote uko wapi?

MAMA: Nyuma ya bafu.

BIBI SHAMBA: Umeona? Maji ya kuoga na ya vyombo yanatosha mashina mawili matatu. Hayo ndiyo ya ndizi za kupika. Maji ya sabuni usiyatie kwenye mboga za majani. Mashina mengine yaishi kwa matandazo na makinga maji ya kukata mteremko, na kiangazi uyakubali yalivyo. Huko pembeni weka aina za pombe kama kayinja, zinavumilia zaidi.

MAMA: Kayinja ndiyo iliyomalizwa na mnyauko.

BIBI SHAMBA: Kweli. Tangu mnyauko uthibitishwe Muleba mwaka 2006, kayinja ndiyo imeumia kwa sababu wadudu wanauchukua kwenye ua dume. Kata ua hilo kwa kijiti chenye panda mara tu kichana cha mwisho kinapotoka, bila panga. Panga linahamisha ugonjwa toka shina hadi shina.

Mnaona jinsi mambo yanavyokataa kunyooka: aina ngumu kwa ukame ndiyo laini kwa ugonjwa. Mwenye kuuza dawa ya jibu moja apite Nyakahura aulizwe na Mama.

KIJANA: Na tangi? Bati linakinga mvua bure.

BIBI SHAMBA: Safi. Paa la mita za mraba 40, mvua ya milimita 1,000, ni lita 40,000 kwa mwaka, toa kidogo zinazopotea. Tatizo ni pa kuziweka. Tangi la lita 5,000 likijaa mwisho wa Mei, ukilitumia siku 92 za Juni hadi Agosti, unapata lita 54 kwa siku.

MZEE: Ndoo mbili na kitu.

BIBI SHAMBA: Ndoo mbili na kitu. Shina moja na nusu la mgomba. Au kitalu kimoja cha mboga cha mita 10 kwa 1, kilichozamishwa chini ya usawa wa ardhi ili maji yasikimbie, chenye mchicha, mnavu na mgagani. Mboga za kila siku kwa nyumba nzima.

Nimekaa na hesabu hiyo kuliko nyingine zote. Tangi la lita 5,000 ni pesa ambayo familia nyingi huipata mwaka wa kahawa nzuri tu, na linanunua ama mgomba mmoja na nusu ama kitoweo cha miezi mitatu. Kwa hiyo nachagua upande. Migomba ising'olewe, Mzee ameshindwa hapo: mvua za Ngara zinaitosha, na kazi zake nyumbani hazina mrithi. Lakini mgomba usipewe hata ndoo moja iliyobebwa kichwani. Maji ya kubeba yaende kwenye majani ya kitalu. Kule Lusahunga na Runazi, Biharamulo, ambako mvua inachelewa na udongo ni mwepesi, ningempa Mzee karibu hoja zake zote, isipokuwa minyaa karibu na mlango.

MZEE: Umenipa nusu wilaya. Nashukuru.

MAMA: Mimi mbegu za hilo gugu utaniletea?

MZEE: Nitazifunga kwenye karatasi, nitampa kondakta wa basi la Rulenge. Usizifukie sana, zinataka kumwagwa juujuu.

KIJANA: Na mimi mnaniacha na mikaratusi yangu. Iliyo karibu na chemchemi ni ya baba, mimi nimerithi. Ada ya mdogo wangu ya Januari iko kwenye miti ile. Nani atanilipa nikiing'oa?

BIBI SHAMBA: Ukate uliyonayo, visiki usiviache vichipue. Pale panda mbaazi miaka miwili, mitatu. Inashusha mzizi lakini haikui mti wa kumaliza bonde, na inalika.

KIJANA: Mbaazi hailipi ada. Na hata chemchemi ikikauka, dada, si mwisho wa dunia. Nina bodaboda. Nitakuwa nawaletea maji kwa madumu, bei tutaelewana.

MAMA: Na hayo madumu utayajazia wapi?